Kiazi cha Pembe ya Kushoto

Jumamosi ya kwanza ya Mei, umande haujakauka,
Vytenis alichomeka vigingi vinne kwenye viazi vya mama yake
akanipa ncha ya kamba.
"Shika," akasema, "usitikisike."
Nikashika. Miaka kumi na tisa ya ndoa,
nimeshika ncha za kamba nyingi.

Mama Genovaitė alisimama dirishani, kitambaa cha maua kichwani,
hakusema neno. Alihesabu.
Matuta kumi na mawili. Magunia manne, mvua ikiwa njema matano.
Baadaye, chai ikipoa, ndipo alipotamka:
"Mpira hauchemshwi."

Hapa kwetu Garliava mtoto akizaliwa huulizwa uzito,
kisha urefu, na urefu ndio unaoshangiliwa.
Ugnė ana miaka kumi na minne
na magoti yanayomuuma usiku kwa kukua.
Kikapu chake kilikuwa ringi ya baiskeli juu ya mlango wa gereji;
kila alipokosa, gari la baba yake lilipata kovu.

Basi tukachimba.
Chini ya udongo mweusi tulikuta vitu vya watu wasiotutarajia:
kijiko, kitasa kisicho na mlango,
na viazi vidogo vya mwaka jana vilivyokwepa mavuno,
vimelegea kama ndewe za masikio.
Vytenis alivitupa kando.
Mama alivifuata, akaviokota kwenye aproni.

Jirani Algimantas alituazima mashine ya kushindilia,
mwisho saa kumi na mbili jioni, na mafuta juu yetu.
Iliipiga ardhi mpaka vikombe kabatini vikasalimiana.
Pima maji ikasema huku pamezama, kule pameinuka;
tukaongeza kokoto, tukapunguza, tukaongeza,
maana mvua ya Oktoba ikikosa mteremko
hukaa kama mgeni asiye na pa kwenda.

Lori la zege halikupita langoni.
Dereva alilitazama lango, akatutazama sisi,
akamwaga mzigo barabarani, akaenda zake.
Toroli moja. Safari sitini na tatu,
Domantas akizichora kwa chaki ukutani,
na zege limeshaanza kukunja uso.

Pesa ziliisha hatua nne kabla ya mstari wa mwisho,
upande wa kushoto. Pale tuliacha kokoto tupu,
tukafunika kila kitu kwa vigae vya plastiki,
kijani na hudhurungi, si kwa kupenda:
ndizo rangi zilizobaki kwa bei ya kutupa.

Mita tatu na sentimita tano.
Vytenis alipima mara tatu, akapanda ngazi,
akaupapasa ule mduara wa chuma
kama paji la mtoto mwenye homa.
Alivunjika kifundo akiwa na miaka kumi na minane.
Hilo halizungumzi, hata na mimi.

Ugnė alicheza mpaka giza. Kipya kinyemi.
Algimantas akaleta barua, mwandiko mzuri:
mwisho saa tatu usiku, Jumapili asubuhi hapana.

Mwishoni mwa Juni, pembe ya kushoto, pale pasipo zege,
kigae kimoja kiliinua bega.
Chini yake, jani.
Vytenis akaja na bisibisi. Mama akaja na ndoo ya maji.
Wakatazamana, na hakuna aliyeuliza
kiazi kilifikaje chini ya kokoto.
Akabandua kigae kile kimoja,
akakiegemeza ukutani, akarudisha bisibisi mfukoni.

Sasa ni sheria ya nyumba:
anayekanyaga kiazi anapoteza pointi mbili.
Wageni hudhani tunatania.

Jana alfajiri, Jumapili, barua au si barua,
nilisikia mpira uwanjani. Si mwendo wa Ugnė.
Mdundo, hatua nzito, mdundo, hatua nyepesi,
ukaenda kushoto, penye kokoto, ukafa sauti.
Kimya kidogo, kama mtu anazunguka kitu taratibu.
Kisha mdundo tena.
Sikufungua pazia.
Chumba cha pili nilisikia kitanda cha Mama kikilia,
naye yu macho, anahesabu.