Mita Mia Sita

Tulitazama mashua tatu.
Ya kwanza ya chuma, kutu imeitafuna
hadi kidole cha shahada kikapita.
Ya pili nyeupe, ya daktari aliyerudi kwao,
kitanda chake kizuri, bei yake matusi.
Ya tatu ililala ubavu kwenye nyasi za Usoma,
mvule mtupu, futi thelathini na moja,
na kuku alikuwa ametaga ndani ya ngama.
Ong'ondo akagonga mbao kwa vifundo vya vidole,
akatega sikio. "Hii bado inaitika."
Mimi nikahesabu mayai. Sita.
Tukanunua vyote.

Miaka ishirini na minane nimeshona sare Kibuye,
najua kaptura itachanikia wapi
kabla mtoto hajauona ua wa kuruka.
Kwa hiyo tanga nililishona mimi:
mshono maradufu, pembe nikazitia ngozi,
na ndani ya upindo, asikopekua mtu,
nikatarizi namba, kama ya mwanafunzi wa bweni,
lisije likapotea.
Yeye, mtu wa karakana ya reli,
alikalafati kwa pamba na lami,
akaupima mkuku mara nne kwa kamba ileile
kana kwamba kamba ingebadili ushahidi.

Orodha tuliibandika mlangoni pa choo.
Nanga mbili, ya matope na ya mawe.
Amari, mita arobaini. Pampu. Taa ya jua.
Unga debe mbili, ndengu, majani ya chai.
Dawa ya presha yake, dawa ya magoti yangu.
Dira, ingawa jirani alicheka:
"Ziwa ni sinia, mtapotelea wapi?"
Siku sitini: Mbita, Musoma, Mwanza,
Bukoba, Entebbe, Port Victoria, nyumbani.
Awiti akapiga simu kutoka Eldoret.
"Mama, kwa hiyo mnazunguka tu?"
Tunazunguka tu.
Ziwa lina mlango mmoja, kule Jinja,
na huo ni wa maji, si wa watu wazima wenye magoti.

Tuling'oa nanga Jumanne, alfajiri.
Saa tatu gugumaji likafunga.
Halikupiga hodi. Lilikuja kama shamba
lililochoka kukaa nchi kavu,
na maua yake ya zambarau, na nyoka wake,
na ndala moja ya mguu wa kushoto.
Likatushika mita mia sita kutoka gati la Dunga.
Nilikiona kiambaza chetu.
Niliiona kamba yangu ya nguo,
na shuka nililosahau kuanua.

Siku kumi na tisa.
Kitanda upana wa mlango: ukitaka kugeuka, tangaza.
Sufuria moja ya chai, ya ugali, ya kuogea uso.
Miaka thelathini na minne nimelala karibu na mtu huyu
na sikujua kwamba akiogopa hupiga mluzi,
taratibu, kwenye pengo la jino,
ili boriti zisikie na mimi nisisikie.
Tulikuwa na nanga mbili na dira.
Hatukuwa na chumvi.
Siku ya sita kijana akajisukuma kwa upondo hadi ubavuni,
akatuuzia pakiti moja mara tatu ya bei.
"Si mko safarini?" akasema.
Nikamlipa. Alikuwa amesema kweli.

Usiku wa mwisho upepo ulibadili mawazo.
Kulipokucha, maji matupu, mpaka macho yachoke;
shamba limehama kuelekea Kendu, likamfunge mwingine.
Ong'ondo alikuwa ameshika henza mkononi.
Hakuivuta.
"Chai kwanza," akasema,
na sikusikia mluzi.
Nikanyoosha mkono kwenye giza la kabati,
kijiko kikawa pale kinapokaa.

Ng'ambo, shuka langu bado lilikuwa kambani,
limepauka kwa jua la siku zote zile,
limejaa upepo kifua wazi,
bila mshono maradufu, bila ngozi pembeni,
likivuta nyumba.