Likizo ya Mpagazi

Miaka ishirini na mitatu nimebeba mizigo ya watu
kutoka lango la Machame hadi pale miti inapokoma,
na kila mgeni akishuka huniambia, "Karibu kwetu,"
kama mtu asemavyo pole huku anapita.

Mmoja hakupita.
Bi. Nermin, mwalimu wa jiografia,
goti lilimgeuka juu kwenye mawe,
nikamshusha mgongoni usiku kucha,
yeye akilia, mimi nikihesabu hatua kwa Kichaga.
Mwaka uliofuata ikaja bahasha Posta ya Moshi,
ndani yake tiketi, na jina langu halikukosewa hata herufi:
Kundaeli Mallya.

Ndeshukurwa akaisoma mara tatu.
"Huko utabeba nini?"
"Sibebi kitu. Naenda kutembea."
Alicheka mpaka ndizi zikashika sufuria.

Bursa. Mji umeegemea mlima
kama Moshi ilivyoegemea wetu.
Asubuhi ya kwanza nafungua dirisha, theluji ile pale,
mkono ukaenda wenyewe kutafuta buti.
Kumbe huko mlima wanaupanda wameketi!
Kibanda kinaning'inia kwenye waya,
watoto wanamenya njugu za kuchoma,
mimi nimekamata chuma kwa mikono miwili,
nageuka nyuma kuangalia nani amechoka.
Hakuna aliyechoka.

Msikiti wao mkuu una kuba ishirini,
na ndani, katikati kabisa, maji yanabubujika.
Nikavua viatu, mimi mzee wa usharika wa Kilutheri,
nikakaa juu ya zulia
nikiyasikiliza kama nilivyosikiliza mfongo
ukiingia mgombani kwa babu, zamu yetu ilipofika.
Sikuomba. Nilikaa tu.
Labda ndiyo maana ya neno likizo.

Kwenye soko la hariri wakanipa kahawa
katika kikombe cha mwanasesere, nusu yake tope.
Nikamuuliza kijana kama imetoka Kilimanjaro.
Akatabasamu, akaniletea sukari.

Halafu ule uchochoro.
Mzee anakuja ameinama,
mgongoni tandiko la ngozi, juu ya tandiko mazulia saba,
anapaza sauti watu wampishe.
"Piga picha," Bi. Nermin akasema,
"siku hizi wamebaki wachache."
Nikainua simu. Akaongeza, "Hamal."

Hamali!
Neno la stesheni ya Moshi, enzi za treni ya abiria,
neno lililoandikwa kwenye kadi ya kazi ya baba yangu
chini ya dole gumba la wino.
Limefikaje huku? Au lilitoka huku likatufuata?

Simu nikairudisha mfukoni.
Nikajigonga kifua: "Hamali. Mimi pia."
Hakunitazama uso. Alinitazama shingo.
Shingo haijui kudanganya.
Akageuka kidogo, hivi, akaniachia pembe ya mzigo,
tukashuka naye mpaka mlango wa tatu,
hatua yake, hatua yangu,
na Bi. Nermin nyuma yetu anapiga kelele
kwamba niko likizo, niko likizo!

Siku nyingine niliona makaburi ya masultani,
vigae vya kijani, daraja lenye maduka juu yake.
Vizuri vyote. Picha ninazo, ukitaka nitakuonyesha.

Jumatatu nilikuwa langoni tena.
Mgeni mmoja kainua simu kunilenga na mzigo kichwani.
Nikasimama. Nikamwambia jina langu kwanza,
nikamngoja aseme la kwake.

Lakini hiyo ni Jumatatu. Jumapili usiku,
Ndeshukurwa amekunjua kitambaa cha hariri,
amekinusa, amekirudisha kwenye karatasi yake
akisema kitangoja harusi ya mtu.
Ananipaka dawa ya misuli, anasita chini ya bega la kushoto.
"Hapa pamevimba. Si ulisema hubebi kitu?"

"Pembe moja tu," nikamwambia. "Pembe ya zulia."