Gonga Kitako

Shekue, mwana wa dada,
hoja yako nimeisoma mara mbili juu ya gunia la choroko,
hapa Kongowea, kabla wadeni wangu hawajaamka.
Mwandiko wako mzuri, kumshinda babako.
Lakini hoja ni kama gorogoro:
ukitaka kujua ujazo wake
usitazame kilele. Gonga kitako.

Wasema: *Mazao yakiwa mengi aina, njaa haipo.*
Nikagonga.
Mbele yangu pana magunia kumi na saba,
mtama mwekundu, wimbi, kunde, mbaazi, fiwi,
na jana Mejumaa wa Kisauni alisimama papa hapa
akayapitia moja moja kama asomaye majina ya marehemu,
akachukua unga wa mahindi, nusu kilo,
kwa deni.
Wingi ulikuwepo. Njaa nayo ilikuwepo.
Zilisimama bega kwa bega, hazikuamkuana.

Wasema wazee wetu walipanda aina ishirini wasijue njaa.
Waliijua, mwanangu. Waliipa majina kama watoto wao.

Kisha mara waandika mbegu, mara mazao, mara chakula,
kana kwamba ni mtu mmoja abadilishaye kanzu.
Na bei je? Kurasa nne nzima, neno bei halimo!
Lori la mihogo likilala Likoni siku mbili
mihogo huingia weusi moyoni,
iwe ya aina moja, iwe ya aina tisa.

Ngoja, usiichane.
Nami nimejigonga.
Mwaka ule masika yalipokatika Kwale
mahindi ya mama yalikauka yangali na ndevu changa;
mihogo ya nyuma ya choo ndiyo iliyotufikisha vuli.
Shamba moja si ushahidi, najua.
Lakini nilikula.

Basi futa *huondoa*, andika *husaidia*.
Andika nani, wapi, kwa shilingi ngapi.
Itapungua urefu. Itaongezeka uzito.

Na gorogoro yangu?
Ndiyo, imebonyea kidogo.
Uliigonga ukiwa na miaka sita, ukaniuliza mbele ya wateja,
nikakujaza njugu kinywani ukanyamaza.
Kesho ukumbini Tononoka
mtu akikupa njugu, zile,
kisha uulize tena.