Buti la Kushoto

Picha zinakaa ndani ya bahasha ya eksirei
ya hospitali ya Kuluva, mwaka shangazi alipovunjika nyonga.
Ukizivuta, na nyonga yake inatoka nazo,
nyeupe, king'ang'anizi, kama jamaa asiyealikwa.

Ya kwanza ni ya studio, Jinja, mwaka wa arobaini na tatu:
Babu Ondoma na mwenzake,
kaptula zimenyooshwa pasi hadi zingeweza kukata mkate.
Kila mmoja ametanguliza mguu wenye buti.
Ule wa nyuma, ukitazama vizuri, uko peku.

Picha hii nimeikalia siku tatu.
Nikaandika daftarini: *mguu mmoja umeshakwenda vitani,
wa pili bado umeshika udongo wa Arua.*
Nikaandika: *mtu aliyeondoka nusu.*
Nikafurahi kama aliyeokota noti sokoni.

Shangazi Ayikoru anamenya muhogo. Hainui uso.
"Mabuti yalikuwa ya mpiga picha. Jozi moja.
Jeshi lilikuwa bado halijawapa ya kwao.
Yule akavaa la kulia, baba akavaa la kushoto,
wakalipa, wakayavua, wakayarudisha."
Ganda linaanguka, refu, halikatiki.

Ya pili ilikuja kwa posta kutoka Bama.
Daraja la magogo, matope, askari kumi na mmoja,
na wa nne kutoka kulia hana uso.
Si kivuli, si jua. Karatasi yenyewe imelika,
tundu la ukubwa wa ukucha, kingo zake za manjano.

Hapo sikuharakisha kalamu.
Kwamba vita hufuta watu, hilo halihitaji daftari.
Lakini mbona yeye, na yeye alirudi?
Alirudi, akalima tumbaku, akazeeka,
akanikemea kwa kupiga mluzi usiku.
Nikasema kwa sauti: "Labda uso ndio uliobaki kule."

Kisu kikatua.
"Nilikuwa na miaka mitatu. Mama alinionyesha kwa kidole:
huyu hapa ndiye baba yako.
Nikaona nyumba nzima inakula, yeye hapewi.
Nikawa nachovya kidole kwenye uji wa mtama,
nampaka mdomoni, kila asubuhi,
mpaka mende wakaijua njia."

Akacheka, kisha kicheko kikamwishia mkononi.
"Mama alinichapa. Na baba aliporudi,
alikuja mtu ana pua, ana macho, ana kila kitu.
Nikamkimbia hadi kwa jirani."

Daftari nimelifunga. Mstari wangu wa siku tatu
umo mle, umekaa vizuri, hauna njaa.

"Na yule wa buti la kulia?"
Anaigeuza picha ya Jinja. Nyuma kuna Kiswahili cha kambini,
wino wa zambarau, herufi kubwa zilizosimama wima kama gwaride:
MIMI NA RAFIKI. SALAMU WOTE.
Jina hakuna.

"Hakumtaja hata siku moja," anasema.
"Ila viatu vyake vya kanisani,
alikuwa anavaa cha kushoto, anafunga kamba,
halafu anakaa kwanza.
Kengele inalia, sisi tuko mlangoni, yeye amekaa,
cha kulia amekishika mkononi."

Namngojea aendelee.

"Huenda ni mgongo," anasema,
na kukichukua kisu.