Ukurasa wa Nne

Fomu ya bima ilifika Jumanne, pamoja na mvua,
katika bahasha yenye kidirisha cha plastiki
kwa nyumba ambayo madirisha yake yote yamezibwa mbao.

Averil Pascoe, mwalimu mstaafu wa sarufi,
anaisomea jikoni, koti mwilini.
Tangu tetemeko, sakafu inateremka kuelekea bandari:
ukiweka limau mezani, geuka,
utalikuta mlangoni likikungoja.

Ukurasa wa nne. Kampuni inauliza
nyumba ifanyweje. Chagua kisanduku kimoja tu.
Vitenzi vinne vimepanga foleni,
vya Kiingereza vyote, vyote vikianza na ri,
ri, ri, ri, ri,
kama simu katika nyumba ya jirani aliyehama.

Miaka thelathini na mitatu aliwaambia watoto wa Lyttelton
kwamba visawe si mapacha.
"Ni binamu," alisema, chaki mkononi,
"wamefanana pua, lakini kila mmoja ana madeni yake."
Watoto walicheka.

Cha kwanza ni cha fundi wa haraka:
ziba ufa, paka rangi, ondoka kabla ya chai.
Cha pili kimevaa suti. Kinaahidi kurudisha
kila kitu kama kilivyokuwa saa sita na dakika hamsini mchana,
dakika moja kabla.
Kila kitu? Na bomba lililokuwa likivuja?
Na Desmond bafuni, akikohoa,
akiisaka miwani iliyo kichwani mwake?
Cha tatu ni kujenga upya. Kina adabu,
hakisemi kwamba tumboni kimebeba tingatinga.
Cha nne anakiruka. Ni kitenzi cha mawakili,
hakina mikono.

Anaishusha kamusi. Ilivunjika mgongo siku ile,
na sasa imefungwa utepe wa mafundi umeme.
Neno linamtuma kwa neno,
hilo nalo linamtuma dirisha la tatu, amwulize mwenzake,
na la tatu linamrudisha alikoanzia,
akiwa bado ameshika karatasi yake.

Alhamisi anakuja mkaguzi, Callum Strachan,
kijana mwenye kofia ngumu na goroli mfukoni.
Anaiachia goroli ukumbini, anaitazama ikikimbia,
anaandika.
"Kati ya hiki na hiki, mama, tofauti ni dola laki nne."
"Kwa silabi mbili?"
"Kwa silabi mbili."
Ana haya kidogo. Anakunywa chai yote.

Nje, Rāwiri wa nyumba ya pili
anaokota mawe ya ukuta ulioangukia gari lake.
Averil anamwuliza, ng'ambo ya ua ambao haupo,
kwa Kimaori mnasemaje?
"Whakahou." Anafuta jasho kwa kiwiko.
"Whaka ni kufanya. Hou ni mpya. Basi."
"Na 'tena' iko wapi?"
Rāwiri anaufikiria ukuta.
"Haimo," anasema.

Usiku huo anatoa kalamu nyekundu,
ile ile ya insha za darasa la sita.
Anaondoa mkato mmoja usio na kazi.
Anapigia mstari vitenzi vinne, kimoja kimoja,
na pembeni, kwa mwandiko ambao nusu ya mji huu
bado wanauogopa, anaandika:
*Vitenzi hivi havina kiima. Nani?*

Wiki kumi na moja zilipita. Fomu ilirudi
ikiwa na muhuri: HAIJAKAMILIKA.

Ilimkuta nje, magoti kwenye gunia,
glavu za Desmond zikimpwaya.
Rāwiri alikuwa amempa jiwe jekundu, zito kama paka aliyelala,
na alikuwa akisema, "Hapana, ligeuze. Bado.
Ligeuze tena."