Harufu ya Breki

Saa tano usiku, Mawaleh. Zuwena keshalala.
Chumba kilichokuwa cha cherehani yake
sasa kina skrini tatu, usukani wa plastiki,
na pedeli nilizozikaza kwa skrubu kwenye ubao
zisinikimbie kila nikizikanyaga.

Nimetoka Salala na abiria mia na sitini wasiokuwepo.
Futi elfu thelathini na sita. Chini kiza cha jangwa,
taa moja moja za visima vya mafuta,
nami napiga hesabu aliyonifunza mjukuu wangu Raya:
sahau sufuri, zidisha kwa tatu.
Mia na nane. Ongeza kumi za kupunguza mwendo.
Maili mia na kumi na nane kabla ya Maskati,
sijaona hata taa moja ya mji,
navuta mikono ya injini nyuma mpaka mwisho
na kukaa kitako.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu.
Wanangoja waone. Wakiona, wamechelewa:
pua chini, kasi juu, vibao vya mbawa vimesimama,
ndege yatetemeka kama bati la banda.
Ndege haifanyi mawili kwa pamoja.
Ama ishuke, ama ipunguze.

Najua. Miaka ishirini na sita uwanjani Sib,
fundi wa magurudumu, zamu ya usiku,
marubani sikuwajua kwa sura.
Niliwajua kwa breki.
Huyu kateremka kwa adabu: digrii mia mbili, sogea.
Huyu kachelewa huko juu, kaja mbio, kakanyaga:
mia sita, diski nyekundu kama kaa la chetezo,
feni zavuma, nami nimesimama mbele ya gurudumu,
ubavuni kamwe,
nangoja lipoe, nanusa.
Zuwena hakuiruhusu harufu ile mlangoni.
Ovaroli zililala nje, kambani.

Mwaka mmoja tulishuka Jabal Akhdhar na shemeji Badar,
Zuwena kapakata kikapu cha komamanga.
Nilimwambia: gia ndogo, Badar. Injini ikushike.
Akakanyaga tangu kona ya kwanza.
Kona ya saba pedeli ikawa laini kama boflo,
tukaingia kwenye kifusi cha kokoto
walichokiweka kwa ajili ya watu kama sisi.
Komamanga zikamwagika mpaka chini ya viti.
Hadi leo Badar husema breki zilikuwa mbovu.

Milima ya Hajar imepita. Bahari. Nageuka.
Njia ya ishirini na sita, ya kulia.
Magurudumu chini. Mashine yanihesabia:
hamsini, thelathini, kumi.
Nimegusa.
Breki za otomatiki nimeziweka mbili, si zaidi.
Rivasi. Mia. Themanini. Sitini, narudisha rivasi,
breki nazipokea kwa miguu yangu mwenyewe,
taratibu, kama unayemwamsha mgonjwa.

Na hapa ndipo mchezo unaponinyima:
hakuna kinachonisukuma kifuani.
Chai kwenye istikani haikuinama hata chembe.
Nafunga breki kwa macho tu, kwa tarakimu,
kama anayeonja mchuzi kwa kuutazama.

Kioo chasema digrii mia mbili na kumi.
Nanusa.
Udi wa jana. Mafuta ya cherehani.

Juu ya paa yapita ya kweli, imechelewa kutoka sijui wapi.
Nazima feni ya kompyuta nisikie.
Rivasi yake yanguruma, yanguruma,
nahesabu, nafika kumi na tisa,
bado.

"Umefika?" Zuwena, kutoka gizani.
"Nimefika."
"Na huyo?"
"Huyo kachelewa kushuka."

Kuna kijana huko Sib, sasa hivi, anavaa glavu.