Nilichomwahidi Hrayr

Mwanangu Hrayr alinikabidhi mtoto na begi la waridi,
akanipa na sharti, pale pale uwanja wa ndege:
"Mama, mlishe, mtembeze, mfundishe kusuka nywele,
ila kanisa lako, tafadhali, liache kabatini.
Akikua atachagua mwenyewe."
Nikasema haya.
Haya zangu nyingi huwa na mlango wa nyuma.
Hii haikuwa nao.

Basi sikumfundisha Nare lolote.
Niliamka saa kumi na moja alfajiri, kama siku zote,
Gyumri ikiwa bado nyeusi kama mawe yake,
nikaketi kwenye kiti cha marehemu Mkrtich
na daftari langu la majina.
Si kosa langu kwamba mbao za sakafu hulia,
wala kwamba mtoto wa miaka minane ana masikio ya paka.
"Bibi, unaongea na nani?"
Nilimjibu kweli, maana uongo nao sikuuahidi:
"Na Mungu. Rudi ukalale."
Hakurudi. Alijikunyata mapajani pangu
akafuata kidole changu kikishuka ukurasa:
padri mwenye pumu, Knarik jirani,
yule kijana wa duka la simu, Hrayr,
Hrayr tena.
"Baba yupo mara mbili."
"Ana mwendo mrefu."

Siku ya mkate tulikoka tanuri.
Kidole gumba changu kilichora msalaba kwenye unga
chenyewe, kwa mazoea, kama mtu anavyojikuna.
Naye akachora wake,
ukalala upande kama nzi aliyevunjika mguu.
Sikumsahihisha.
Mkate uliiva vilevile.

Sasa nije kwenye aibu yangu.
Knarik aliazima sufuria ya shaba ya mama yangu,
akairudisha imebonyea.
Nilimfokea uani, mbele ya kamba za nguo na watu,
na hasira ilipokosa pa kwenda
nikamtupia neno kuhusu lile tetemeko,
kuhusu nani alitolewa hai kwenye kifusi na nani hakutolewa,
neno ambalo hata hapa siliandiki.
Nare alikuwa nyuma yangu na kapu la vibanio.

Jioni nzima hakusema.
Alisuka nywele za mwanasesere, akazifumua, akazisuka.
Kisha: "Bibi, jina la Knarik bado lipo kwenye daftari?"
"Lipo."
"Kesho ukilifikia, utamwambia nini Mungu?"

Nimesikia mahubiri tangu makanisa yalipokuwa maghala.
Hakuna lililonitoa kitini upesi namna ile.
Tulivuka ua na ndara zetu,
yeye amebeba mkate ndani ya kitambaa,
mimi nimebeba miaka sabini na minne na magoti yake.
Knarik alifungua mlango upana wa kiganja.
Nilisema nisamehe.
Ilitoka kama bawaba yenye kutu,
nikairudia, maana mara ya kwanza nilikuwa nimetazama chini.
Alituacha tusimame.
Tulisimama sana.
Mkono wa Nare ulitoa jasho ndani ya wangu, wala haukuchomoka.
Mwishowe Knarik akasema, "Chai inapoa,"
akageuka, mlango ameuacha.
Sikumwambia mtoto kwamba hilo lina jina.
Alikuwa anakula jamu ya aprikoti kwa kidole
na Knarik alikuwa anamwacha.

Agosti ilipokwisha, ndege ikamchukua.
Wiki ya pili simu ikalia usiku.
"Mama, uliniahidi."
"Nimefanya nini tena?"
"Nare ana daftari. Anaamka kabla ya jua,
anakaa jikoni, anasoma majina ya watu.
Kuna Knarik. Knarik ni nani? Kuna mwanasesere.
Na mimi nimo."
Nilishika simu kwa mikono miwili.
"Mara ngapi?"
Nilisikia friji yake ikinguruma, huko Lyon.
"Mara tatu," akasema.

Hakukata simu.
Nami sikusema kitu.
Nilikuwa nimeahidi.